Nusu Lita ya Konokono

Mara ya kwanza Fundi Sikio alimpita dada mmoja mwenye pikipiki nyeupe bila hata kumtazama. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, barabara kuu imefurika magari, honi juu ya honi, na yeye alikuwa anajaribu pikipiki ya mteja aliyelalamika kwamba haina nguvu. Akafungua mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia, upepo ukamjaa shatini mgongo ukawa kama puto, akapita. Mbele taa ilikuwa nyekundu. Akakanyaga breki, akasimama.

Taa ikawaka kijani. Kabla hajaachia klachi sawasawa, pikipiki nyeupe ikampita pembeni, taratibu, bila kusimama, kama mtu anayetoka sebuleni kwenda chumbani kwake. Alikuwa ni yule yule dada.

Akampita tena. Taa ya pili nyekundu, breki, kijani, na ile nyeupe hiyoo, imeshapita. Taa ya tatu vivyo hivyo. Damu ikaanza kumchemka. Miaka kumi na miwili ameshika spana, mjini hapa hakuna pikipiki asiyoijua tabia, leo anapelekwa puta na mtu ambaye hata haonekani kama ana haraka!

Kwenye makutano ya nne askari aliyekuwa akiongoza magari alinyoosha mkono, kila mtu akasimama. Wakajikuta bega kwa bega.

"Dada, unanifuata?" Fundi alipaza sauti.

"Kaka, nitakufuataje nawe kila saa uko nyuma yangu?"

"Nyuma yako? Nimekupita mara tatu!"

"Na mimi nimekupita mara tatu. Ila mimi sijatoka jasho."

Fundi akajipangusa paji la uso bila kutaka. Yule dada alivaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kitambaa cha buluu kimebana nywele chini ya kofia ngumu, na glavu safi kama za daktari. Nyuma yake palikuwa na sanduku la baridi limefungwa kwa mikanda miwili. Macho yake hayakuwa kwa Fundi. Yalikuwa mbali, mbele kabisa, kama anasoma maandishi yaliyoandikwa mwisho wa barabara. Askari aliposhusha mkono, akaondoka.

Hapo ndipo Fundi alipoisikia injini yake. Hakuitwa Sikio bure; mteja akiingia gereji, kabla hajazima pikipiki, yeye ameshajua kama ugonjwa uko kwenye plagi, kwenye cheni au kwenye kichwa cha mwenyewe. Lakini sauti ile hakuwahi kuisikia. Haikupanda, haikushuka. Ilikuwa sauti moja, ya chini, tulivu, ikipenya katikati ya makelele yote yale kama mtu anayeimba peke yake jikoni. Akabaki amesimama mpaka gari la nyuma likampigia honi na tusi juu yake.

Aliingia kituo cha mafuta kuongeza kidogo, maana kujaribu kwake kulikuwa kumekausha tangi la watu. Akamkuta yule dada amechuchumaa kwenye pampu ya upepo, anapima tairi la nyuma.

"Huweki mafuta?"

"Niliweka Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Najua siku za wiki, kaka."

"Unafanya kazi gani na hiyo pikipiki? Unaisukuma?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuja kwa kuchelewa, kama kilikuwa kinatafuta gia. "Nabeba damu. Natoka kliniki hadi kliniki, napeleka maabara. Kilomita mia moja na kitu kwa siku."

Fundi akapiga hesabu kichwani, akaikataa. Akaipiga tena. "Haiwezekani."

"Haya," alisema yule dada, akafunga kifuniko cha upepo, akapanda. "Nakwenda zangu kufanya yasiyowezekana. Siku njema."

*

Wiki iliyofuata pikipiki ile nyeupe iliingia gereji kwake. Maabara ilikuwa imebadilisha mafundi, ikampa yeye kazi ya kuhudumia pikipiki zake tano. Wapanda pikipiki wengine walimwita yule dada Konokono, na kila mmoja alikuwa na utani wake: eti akitoka asubuhi mwambie akuletee gazeti la kesho. Mwenyewe alicheka nao.

"Unakubali kuitwa Konokono?" Fundi alimuuliza.

"Konokono hajawahi kugonga mtu."

Dada mkubwa wa Fundi, mshona nguo aliyekuwa na cherehani yake chumba cha pili, akacheka mpaka uzi ukakatika.

"Leo umepatikana!" alisema kupitia dirishani. "Dada, karibu sana. Huyu ndugu yangu anasikia injini za watu wote, ila akiambiwa aoe, anakuwa kiziwi."

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nimesema uongo?"

Ikawa hivyo. Mwanzoni Konokono alikuja kwa ajili ya cheni, halafu kwa ajili ya upepo ambao angeweza kuujaza popote, halafu akawa anakuja tu, saa kumi akimaliza zamu, na chupa ya chai ya tangawizi mkononi. Walikaa kwenye kiti cha gari bovu kilichowekwa ukutani kama kochi. Siku za mapumziko alivaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mipana, na Fundi, ambaye alikuwa amezoea kumwona ndani ya kizibao, alimwangushia mteja mmoja spana mguuni siku ya kwanza kuliona.

Simu zilianza.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika."

"Umetumia gia ya ngapi kupanda kile kilima?"

"Fundi, watu wengine wakipigiwa simu huulizwa kama wamekula."

"Umekula?"

"Nimekula. Gia ya tatu."

"Ya tatu! Pale? Mimi napanda na ya pili, inalia kama mbuzi."

"Kwa sababu unafika chini ya kilima umeshafunga breki. Mimi nakiona kilima kikiwa mbali, nakusanya mwendo mapema. Nikifika, kilima kinajua nakuja."

Fundi alicheka, lakini alipokata simu alibaki akitazama dari. Kilima kinajua nakuja. Maneno gani haya?

Siku moja alimuuliza swali ambalo lilikuwa likimkereketa tangu kwenye taa zile. "Nani alikufundisha kuendesha hivyo?"

Konokono alizungusha kikombe mkononi. "Mtoto mmoja. Hata jina lake silijui."

"Mtoto?"

"Wiki yangu ya kwanza kazini. Niliendesha kama nyinyi, mbio, breki, mbio, breki. Nikafikisha damu maabara, wakaniambia imeharibika. Damu ikitikiswa sana inapasuka ndani ya kichupa, haipimiki. Nikarudi kliniki kuchukua nyingine. Alikuwa kichanga wa wiki mbili. Nesi alitafuta mshipa kwenye mkono, hakuupata. Akatafuta kwenye mguu. Mama yake alikuwa amegeuka ukutani. Nilisimama mlangoni na kofia yangu mkononi, nikasikiliza kilio mpaka mwisho. Tangu siku hiyo naendesha kama mtoto yule yuko ndani ya sanduku. Hayo mafuta mimi sikuwahi kuyafikiria. Yenyewe tu yaliacha kuisha."

Fundi alichukua mkono wa Konokono, wa kulia, ule unaoshika mafuta, akautazama kama chombo ambacho hajawahi kufundishwa kukitengeneza.

*

Mkuu wa usafiri wa maabara alikuwa mama mmoja mwenye miwani mikubwa, mtu wa haki lakini mtu wa karatasi. Alikuja gereji asubuhi ya Jumanne, Konokono akiwa kazini, akamvuta Fundi pembeni.

"Nina tatizo. Pikipiki nne zinakula mafuta kiasi kimoja. Ya tano inakula karibu nusu yake, na inaandika kilomita zilezile. Ama hizo safari haendi, ama mita imechezewa. Ikija kesho kuoshwa, ifungue uitazame. Na usimwambie mwenyewe, utakuwa umemwonya."

"Mama, huyu dada namfahamu. Ni mwaminifu."

"Sikuulizi juu ya dada. Nakuuliza juu ya pikipiki. Wewe ni fundi au si fundi?"

Swali lile lilimgusa mahali pabaya. Kesho yake, Konokono akiwa ametoka kidogo kununua sabuni, alifungua mita, akakagua waya wake, meno yake, akafungua kabureta, akapima tangi. Kila kitu kilikuwa salama. Chai aliyoletewa ilikuwa pembeni yake inatoa mvuke. Akafunga kila kitu kama kilivyokuwa, na aliporudi mwenyewe wakazungumza mambo ya mvua.

Jioni aliandika ripoti. Mstari wa kwanza ulikuwa kweli: sikuona kasoro wala dalili ya kuchezewa. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa na miaka kumi na miwili ya spana, na miaka ile ikataka kusema neno. Akaongeza mstari wa pili: "Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, pikipiki ya aina hii haiwezi kwenda umbali huo kwa mafuta hayo." Akatia saini. Aliona ni mstari wa kitaalamu tu.

Ijumaa Konokono aliingia gereji kwa miguu. Hakuwa na kizibao. Alikuwa na karatasi mbili mkononi, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyomwogopesha Fundi kuliko kelele.

"Nimesimamishwa kazi," alisema. "Hii ni barua yangu. Na hii nyingine nadhani unaijua, mwandiko ni wako."

"Kono, nisikilize..."

"Uliifungua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano nilikuletea chai."

"Mama alinikataza kukwambia. Na nimeandika kwamba sikuona kasoro! Soma mstari wa kwanza."

"Nimeusoma. Mstari wa pili ndio umenifukuza. Ungeniuliza. Basi. Ungesema, Konokono, hebu twende wote siku moja nione. Miezi mitatu unaniuliza gia ya ngapi, gia ya ngapi, kumbe muda wote huo ulikuwa huniamini."

"Niliulizwa juu ya pikipiki. Sikuulizwa juu yako."

"Na pikipiki huwa inaenda peke yake?"

Cherehani ya chumba cha pili ilikuwa imenyamaza. Konokono aliweka ile karatasi yenye mwandiko wa Fundi juu ya kiti cha gari bovu, pale alipokuwa akikaa yeye, akatoka.

Fundi alimpigia simu mara sita siku ile. Simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya tatu haikuita kabisa.

"Mimi sikutetei," dada yake alimwambia, akiwa ameuma pini midomoni. "Mtu akiniletea kitambaa nikashindwa kukishona, nitasema mimi sijui mshono huo. Sitasema kitambaa ni cha uongo."

*

Fundi alikuwa na pikipiki ya aina ileile, toleo lilelile, ila nyekundu. Asubuhi moja alifunga bomba la tangi, akaning'iniza chupa ya plastiki ya nusu lita kwenye mpini, akaiunganisha kwa mpira mpaka kwenye kabureta. Akaendesha kama alivyozoea hadi ilipozima. Kilomita kumi na tisa.

Siku ya pili akaamua kwenda polepole. Akaenda polepole kweli, na gia ndogo, mpaka watoto wa shule wakamzomea. Kilomita kumi na nane. Akasimama kando ya barabara, ameshika kiuno, hajui acheke au alie. Kumbe polepole peke yake si kitu!

Ndipo akaanza kukumbuka. Kilima kinajua nakuja. Macho yale yaliyotazama mbali. Tairi zilizojazwa upepo kila asubuhi. Siku ya tatu alijaza tairi zake, akabadilisha gia mapema kabla injini haijaomba, akakaa kwenye mwendo mmoja. Kilomita ishirini na mbili. Siku ya nne akaacha kutazama gari lililo mbele yake, akatazama la sita au la saba. Na jambo likamtokea ambalo hakulitegemea: barabara ilifunguka. Basi lililowasha taa ya pembeni kule mbali, mama anayejiandaa kuvuka, taa iliyokuwa kijani muda mrefu na sasa itageuka, vyote aliviona kabla havijatokea. Akafunga mafuta mapema, akaacha pikipiki iserereke yenyewe, akafika kwenye taa ikiwa ndiyo kwanza inawaka kijani, akapita bila kugusa breki.

Akapiga ukelele ndani ya kofia ngumu. Mwenye gari la pembeni akapandisha kioo.

Kila breki aliyowahi kufunga maishani mwake, alielewa sasa, ilikuwa ni mafuta aliyokwisha kuyachoma na kuyatupa barabarani. Miaka kumi na miwili alikuwa ametengeneza mashine akidhani ulaji wa mafuta unakaa ndani ya kabureta. Kumbe unakaa kwenye macho. Unakaa kwenye kifundo cha mkono. Unakaa kwa mtu ambaye aliwahi kusimama mlangoni akasikiliza mtoto akilia.

Siku ya tisa akatia maji kwenye mtungi mdogo wa kioo, akaufunga ndani ya sanduku nyuma ya kiti, akajiambia humo mna damu ya mtu. Kilomita ishirini na sita. Aliposhuka alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyokuwa akipita nje yake kila siku. Na alijua bado yuko barazani tu. Yule mwenye nyumba alikuwa ndani kabisa.

Siku ileile, na vumbi lake lote, alikwenda ofisini kwa mama wa miwani, akaweka barua mezani.

"Niliandika uongo," alisema.

Mama alimtazama juu ya miwani. "Ulitia saini."

"Nimetia na hapa. Soma."

Akasoma. Barua ilisema kwamba mwandishi wake alikataa jambo kwa sababu alikuwa halijui, na kwamba anafuta mstari wake wa pili wote.

"Umemwona akifanya? Umepima?"

"Sijamwona. Nimepima ujinga wangu tu."

Mama akavua miwani. "Nikwambie kitu. Tangu aondoke, maabara wananirudishia vichupa kila wiki. Damu imeharibika njiani. Zamani nilidhani ni bahati tu kwamba vyake havirudi." Akavaa miwani. "Lakini mimi siwezi kwenda kwa wakubwa zangu na habari za bahati. Nataka nione kwa macho. Jumamosi asubuhi. Nitampigia mwenyewe."

Ijumaa mama akampigia Fundi. "Amekubali, kwa sharti moja. Amesema yule aliyeandika mstari wa pili naye aendeshe, pikipiki sawa, mafuta sawa. Hataki usimuliwe na mtu, uone mwenyewe."

*

Jumamosi saa moja na nusu walikutana kwenye uwanja wa maabara. Konokono alikuwa na kizibao chake, na kitambaa kipya, cheupe. Alimwamkia kila mtu. Alipofika kwa Fundi alisema, "Habari za asubuhi," kwa adabu ileile anayowapa walinzi. Fundi angependelea kofi.

Chupa mbili, nusu lita kila moja, zilijazwa mbele ya mama na kufungwa. Njia ilikuwa barabara ya kutoka mjini, yenye nguzo za kilomita pembeni. Mama angefuata na gari la ofisi.

Konokono akaondoka mbele. Fundi akamfuata, na kwa mara ya kwanza akamwona kazini.

Alijua kila alichokuwa akikifanya, maana amekivunjia mgongo siku tisa. Na bado hakukielewa. Mkono ule wa kulia haukuonekana kusogea. Kwenye mzunguko wa soko, ambapo magari yalikuwa yamebanana na kila mtu anamlaani mwenzake, yeye alipungua kidogo tu, nafasi ikatokea mbele yake, akaingia, ikatokea nyingine. Hakuwa akiomba njia wala kuiba njia. Alikuwa akifika pale nafasi inapozaliwa. Nje ya mji alijikunja kidogo juu ya tangi upepo ulipomjia usoni, akanyooka ulipokata. Gari kubwa la mizigo likawapita kwa kishindo. Fundi akayumba, breki ikamtoka. Yeye alikuwa ameshasogea pembeni kitambo, kabla halijafika. Na ile sauti, moja, ya chini, ikaendelea.

Fundi aliwahi kuona mafundi wakubwa, aliwahi kuona injini za bei ya nyumba. Hakuwahi kuona binadamu na chuma wakiaminiana hivyo. Na kitu hiki ndicho alichokiandikia kwamba hakiwezekani.

Kilomita ya ishirini na saba, injini yake ikakohoa, ikazima. Ilikuwa bora kuliko siku zote alizojaribu. Akasimama kando, akazima kila kitu ili asikilize. Gari la ofisi likampita. Mama akampungia mkono. Ile sauti ya chini ikapanda mwinuko wa kwanza, ikashuka, ikapungua, ikawa uzi. Haikukatika. Iliondoka tu.

Palikuwa na karakana ya seremala kando ya barabara. Akaomba kuacha pikipiki, akaanza kutembea.

Jua lilikuwa limeanza kukaza alipopita nguzo ya ishirini na tisa. Simu ikaita. Jina lile kwenye kioo lilikuwa na majuma matano halijaonekana.

"Fundi, uko wapi?"

"Nimepita nguzo ya ishirini na tisa."

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja huko."

"Gari la ofisi litakuchukua likirudi. Kaa kivulini."

"Sikuomba gari."

Akasikia upepo upande wa pili.

"Yangu imezima kwenye thelathini na tatu na kidogo," alisema Konokono. "Mama ametazama mita, ametazama chupa, amerudia kutazama mita. Sasa ameniomba msamaha. Anataka nirudi kazini Jumatatu, na niwafundishe wenzangu wanne."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema kufundisha nitafundisha, ila wakiniita Konokono watatanguliza Mwalimu. Na amenisomea barua yako."

Fundi aliendelea kutembea.

"Ina tarehe ya Jumatano. Uliiandika kabla ya kuona."

"Ndiyo."

"Ungeshindwa leo je? Yaani, mimi ningeshindwa je?"

"Barua ingebaki vilevile. Kono, nilipaswa kukuamini siku ile umenishikia kikombe cha chai, si leo nikiwa na chupa ya ushahidi. Nilijua injini, nikadhani nimejua kila kitu. Niliona aibu kwamba kuna jambo la pikipiki nisilolijua, na aibu yangu nikaiandika kwenye karatasi kama vile ni kosa lako. Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi. Halafu, "Mbele yako kuna kilima."

"Nakiona."

"Mimi niko nyuma yake. Usikimbie, utaishiwa."

Simu ikakatika.

Alipanda kile kilima akiwa amefungua vifungo viwili vya shati, vumbi hadi magotini. Kileleni, mtu mwenye kizibao cha njano alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, kwa miguu, kofia ngumu mkononi, kitambaa cheupe kinapepea. Walisimama hatua mbili mbali. Chini yao barabara ilishuka pande zote mbili, ndefu, nyeupe kwa jua. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Kilomita sita na kidogo," alisema Konokono. "Umenikaribia. Sikutegemea utafika ishirini na saba."

"Nilikuwa na mwalimu. Ila hakujua kama ananifundisha."

Kile kicheko cha kuchelewa kikaja. Akatoa chupa ya maji ndani ya kizibao, akampa. Fundi akanywa nusu, akamrudishia.

"Nataka kukuomba jambo," alisema. "Nimeishiwa pumzi, sitalisema vizuri."

"Liseme vibaya."

"Nioe. Yaani nikuoe. Yaani... tuoane. Nataka kuzeeka karibu na wewe, niwe nakuona unavyofanya mambo."

Konokono alitazama mbali, mbele kabisa, kule alikozoea kutazama, na Fundi akangoja, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila haraka hata chembe.

"Baba yangu atakuuliza kazi yako," alisema hatimaye.

"Nitasema fundi pikipiki."

"Na atakuuliza kama unajua kuendesha."

"Nitasema ndiyo kwanza najifunza."

"Hilo atalipenda." Akamshika mkono, ule wa kulia, akaubana. "Njoo Jumapili mchana. Njoo na dada yako, maana wewe ukiachiwa useme peke yako utaniposa kwa gia ya kwanza."

Wakaanza kushuka upande wa mjini, mkono kwa mkono, katikati ya njia ya waenda kwa miguu, wakibishana kama mwinuko ule unafaa gia ya tatu au ya nne. Nyuma yao gari la ofisi lilifika kileleni, likawaona, likapunguza. Likawafuata hivyo hivyo, kwa mwendo wa miguu, injini ikinguruma na kula mafuta bure kilomita nzima, na mama wa miwani hakupiga honi hata mara moja.